Maswali ya Wasomaji: Monita sita, kasha moja

SWALI

Ndugu Fundi, salaam nyingi. Sisi ni wabia watatu tunaoendesha ofisi ndogo hapa Dodoma. Mchana tunafuatilia hisa zetu katika masoko ya Dar es Salaam na Nairobi, na jioni tunafanya biashara ya sarafu na hisa za Marekani kwa fedha zetu wenyewe. Tumechoka kufungua na kufunga madirisha kwenye laptopu, tukakubaliana kuunda kompyuta moja ya mezani yenye monita sita. Duka moja la Dar es Salaam limetuandikia profoma hii: prosesa ya Intel Core i9-14900KF, kadi ya grafiki ya GeForce RTX 4060, RAM ya GB 64, SSD ya TB 2, pawasaplai ya wati 1,000, kasha la kioo lenye feni saba za taa, monita sita za inchi 27, vigawanyi viwili vya HDMI, na UPS ya VA 650. Bei imepita bajeti yetu kwa karibu theluthi moja, na muuzaji anasema tukipunguza chochote mashine itakuwa nzito. Je, tupunguze nini?

Wabia watatu, Dodoma

JIBU

Ndugu zangu, bei ndiyo iliyowashtua, lakini profoma hiyo ina kasoro kubwa kuliko bei. Hata mkiilipia yote bila kupunguziwa senti, mashine hiyo haitawapa monita sita. Itawapa nne, na mbili zilizobaki zitarudia picha ambayo tayari mnaiona kwenye monita nyingine.

Sababu iko katika mistari mitatu ya profoma yenyewe. Kadi za GeForce, ikiwamo hiyo RTX 4060, hutoa picha nne tofauti kwa wakati mmoja na si zaidi, hata kama kadi ni ya bei mbaya kiasi gani. Monita mbili zilizobaki zingeweza kuchomekwa kwenye matundu ya ubao mama, lakini matundu hayo hutegemea grafiki iliyo ndani ya prosesa, na herufi F mwishoni mwa jina la prosesa ya Intel maana yake ni kwamba haina grafiki ya ndani inayofanya kazi. Mtayaona matundu nyuma ya kasha, mtachomeka waya, na monita itawaandikia kwamba hakuna mawimbi. Nadhani muuzaji alilijua hilo, ndiyo maana akaongeza vigawanyi viwili vya HDMI. Kigawanyi hakiongezi picha, kinainakili tu, kama spika mbili zilizofungwa kwenye redio moja: zote mbili zitawasomea taarifa ya habari ileile. Mtu anayeonyesha mpira kwenye televisheni mbili za mgahawa hukihitaji kifaa hicho, lakini anayetaka chati ya dhahabu huku na orodha ya oda kule hakimfai kitu.

Kwa hiyo anzeni upya, na anzeni kutoka nyuma ya kasha, si kutoka kwenye prosesa. Hesabuni monita, kisha hesabuni matundu ya kuzilisha, na vilivyobaki vitajipanga vyenyewe kwa bei nafuu kuliko mnavyofikiri.

Kadi inayowafaa ni ile ya ofisini, isiyo na sifa yoyote kwa wacheza gemu. NVIDIA T1000 ni mfano mzuri: ina matundu manne ya DisplayPort ndogo (tundu la picha, ndugu wa HDMI), inatumia umeme usiozidi wati 50 ambao wote inaupata kwenye ubao mama bila waya wa ziada kutoka kwenye pawasaplai, na feni yake haipigi kelele. RTX A400, iliyotoka baadaye, ina matundu manne ya aina hiyohiyo na inakula umeme kiasi hicho hicho. Msichanganye T1000 na ndugu yake mdogo T400, ambaye kwa sura wanafanana lakini matundu yake ni matatu. Jambo la kuangalia dukani ni adapta. Matundu haya ni madogo kuliko DisplayPort ya kawaida, na kadi zilizotolewa kwenye maboksi yake mara nyingi huuzwa bila vile vipande vya kubadilishia. Ombeni muuzaji afungue, mhesabu adapta au kebo nne mbele yenu, na mjaribu kuchomeka moja, kwa sababu kipande hicho kidogo kikikosekana Dodoma siku ya kufunga mashine, kazi nzima itasimama kusubiri basi la kesho.

Monita mbili zilizobaki zilisheni kwa grafiki ya ndani ya prosesa. Chagueni prosesa isiyo na F, tuseme Core i5-14400, na ubao mama wenye HDMI moja na DisplayPort moja nyuma yake. Hapo mna nne za kadi na mbili za ubao mama, jumla sita, bila kigawanyi hata kimoja. Kuna mtego mmoja tu: baadhi ya mbao mama hujizimia grafiki ya ndani mara tu zinapoona kadi imechomekwa. Fundi aingie kwenye mipangilio ya BIOS, ile programu ya msingi ya ubao mama, na kuruhusu zote mbili zifanye kazi pamoja. Ni kazi ya dakika mbili, lakini nimeshaona watu wakirudisha ubao mzima dukani wakidhani ni mbovu. Mkitaka njia ya pili, ya kadi mbili za T1000, itawapa matundu manane na nafasi ya kukua. Ila hakikisheni ubao una nafasi mbili ndefu za kadi, kwa sababu mbao nyingi za bei ya chini zina moja ndefu na vijinafasi vifupi ambavyo kadi hiyo haiingii. Nafasi ndefu ya pili mara nyingi ina kasi ndogo kuliko ya kwanza, na kwa chati hilo halina madhara yoyote.

Sasa kuhusu prosesa na neno hilo la kutisha, mashine kuwa nzito. Kuchora chati si kazi kubwa. Programu za kufanyia biashara ya sarafu kama MetaTrader huzipa hesabu za viashiria vya sarafu moja njia moja ya kupita ndani ya prosesa, kwa hiyo viini 24 vya i9, yaani sehemu zake za kufanyia hesabu, vingi vitakaa bure vikisubiri, ilhali kinachowasaidia ni kasi ya kiini kimoja kimoja. Core i5-14400 ina viini 10, na kwa kazi mliyoieleza haitatoka jasho. Mtu pekee ninayeweza kumshauri anunue viini vingi ni yule anayejaribisha mbinu zake kwa kurudia bei za miaka iliyopita, kwa sababu kipimaji cha MetaTrader 5 kinaweza kugawa kazi hiyo kwa viini vyote, na anayesubiri majibu ya majaribio elfu moja ataiona tofauti kwa macho. Ninyi hamkutaja kazi hiyo. Aidha, i9-14900KF ikifanya kazi kwa nguvu zote huvuta hadi wati 253, na joto hilo lote mtalilipia tena kwa feni na kiyoyozi. Tena mwaka 2024 Intel yenyewe ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipewa volti kupita kiasi na kuharibika polepole, ikatoa marekebisho ya kuwekwa kwenye BIOS na kuongeza miaka miwili ya dhamana kwa aina zilizoathirika. Prosesa yoyote ya vizazi hivyo mtakayonunua, mwambieni fundi aweke BIOS mpya kabla hajaanza kuweka Windows.

RAM ya GB 32 inatosha, iwe katika vipande viwili vya GB 16 badala ya kimoja, kwa kuwa vipande viwili hufanya kazi sambamba. Kinachokula RAM si MetaTrader, ni kivinjari chenye tabu ishirini za chati na habari. Angalieni tu kama ubao ni wa DDR4 au DDR5, maana haviingiliani. SSD ya TB 1 ya aina ya NVMe inatosha kabisa.

Kwenye monita ndipo ningewasihi mkae muda mrefu kidogo, kwa kuwa ndizo mtakazozitazama saa nane kwa siku. Profoma inasema inchi 27 bila kutaja idadi ya nukta, na kwa bei iliyoandikwa nashuku ni za 1920 kwa 1080. Idadi hiyo ya nukta ikitandazwa kwenye inchi 27 hutoa nukta kama 82 tu kwa kila inchi, na tarakimu ndogo za bei huonekana zimechanika kingo. Idadi hiyohiyo kwenye inchi 24 hutoa kama 92, na maandishi yanatulia. Mkitaka inchi 27 kweli, basi ziwe za 2560 kwa 1440, ambazo hufikia karibu 109. Kwa bajeti yenu ningechukua sita za inchi 24, zote za modeli moja, ili rangi na urefu vilingane. Chagueni kioo cha IPS, kwa sababu monita za pembeni mtazitazama kwa upande, na vioo vya TN hubadilika rangi mtu akikaa pembeni: kijani na nyekundu za chati zikianza kufifia, ndipo mtakapojuta. Kagueni pia mgongo wa monita kama una matundu manne ya skrubu yaliyopangwa mraba wa milimita 100 kwa 100, la sivyo stendi ya kubebea monita sita haitashika. Kasi ya kuchora picha upya ya Hz 60 au 75 inatosha. Bei ya soko haibadiliki kwa kasi ya gemu.

Jambo moja la programu liwe wazi mapema. MetaTrader 4 hubana chati zake zote ndani ya dirisha moja, kwa hiyo kuzisambaza kwenye monita sita kunahitaji kulivuta dirisha hilo lote au kuisakinisha programu mara kadhaa. MetaTrader 5 inaruhusu chati moja moja itolewe nje na kupelekwa kwenye monita yoyote. Mkibaki na ile ya zamani, nusu ya faida ya monita zenu itapotea.

Nimefika kwenye umeme, na hapa badala ya kupunguza nataka muongeze. Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye ofisi moja ya biashara kama yenu. Walikuwa na UPS nzuri, na kasha lilikuwa limechomekwa humo vizuri, lakini monita zote nne zilikuwa zimechomekwa kwenye ekstensheni ya ukutani, na ruta ilikuwa chini ya meza nyingine kabisa. Umeme ulipokatika jioni ile kompyuta iliendelea kuunguruma kama kawaida, yenye dili tatu zilizo wazi, mbele ya vioo vinne vyeusi. Mwenye ofisi alikishika kipanya na kukizungusha mezani kama mtu anayetafuta funguo gizani. Umeme uliporudi, dili moja ilikuwa imeshakwenda na faida ya wiki nzima.

Kwa hiyo UPS ibebe vitu vitatu: kasha, monita zote, na ruta pamoja na kile kiboksi cha intaneti ya faiba. Hesabu yake ni hii. Mashine niliyowaeleza, ikifanya kazi ya kawaida ya chati, itavuta wati kama 100 hadi 150. Monita sita za inchi 24, kwa wastani wa wati 20 kila moja, ni 120. Ruta na kiboksi chake ongezeni 20. Jumla haifiki wati 300. UPS ya VA 650 isiwadanganye kwa namba yake, maana VA si wati. UPS ndogo za aina hiyo hubeba wati zisizofika 400, na betri yake moja ndogo itawapa dakika chache mno kwa mzigo huo. Tafuteni ya VA 1,500 yenye betri mbili, mkilenga dakika kumi hadi ishirini, muda wa kufunga dili kwa utulivu au kuwasha jenereta. Ulizeni pia kama wimbi lake la umeme ni safi au la kuigiza, kwa sababu baadhi ya pawasaplai za kisasa huzimika papo hapo UPS ya wimbi la kuigiza inapopokea mzigo. Pawasaplai yenyewe ya wati 550 yenye nembo ya 80 Plus, ya kutopoteza umeme mwingi, inatosha na kusaza. Ile ya wati 1,000 ingekuwa lori la kubebea debe moja la mahindi.

Mkumbuke vilevile kipi kinakaa wapi. Oda ya kawaida ya kukata hasara, ikishapokelewa, hukaa kwenye seva ya dalali, na kompyuta yenu ikizimika dili yenu bado italindwa. Lakini ile inayojisogeza yenyewe kufuata bei, katika MetaTrader, hufanya kazi ndani ya kompyuta yenu. Kompyuta ikifa, hubaki palepale ilipofika. Biashara yenu ya hisa za Marekani huanza soko la New York linapofunguliwa, saa 10:30 jioni kwa saa zetu kuanzia Machi hadi mapema Novemba, na saa 11:30 miezi iliyobaki, kwa hiyo ijaribuni UPS kwa kuchomoa waya ukutani saa hizo hizo, mashine ikiwa na mzigo wake kamili, kabla hamjaweka fedha.

Kwa intaneti, wekeni laini ya simu kama akiba, na ruta inayohama yenyewe faiba ikikatika. Hata hivyo msiione akiba hiyo kuwa ngao ya kila kitu: Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, waliokuwa kwenye faiba na waliokuwa kwenye simu waliumia pamoja, kwa sababu wote walikuwa wakipita bahari ileile. Na muuzaji akiwaambia kwamba i9 itaharakisha oda zenu kufika kwenye seva za London, mcheke kwa adabu. Kutoka hapa hadi London ni zaidi ya kilomita 7,000. Mwanga ndani ya faiba husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi pekee ni milisekunde 70 hata kama waya ungenyooka kama rula, na haujanyooka.

Kasha la kioo liacheni. Vumbi la Dodoma mnalijua kuliko mimi. Chukueni kasha la bati lenye wavu mbele, vichujio vinavyochomoka na kuoshwa, na feni tatu zisizo na taa. Na kwa kuwa mzigo utatoka Dar es Salaam, mwombeni fundi aichomoe kadi na kuifunga peke yake, na monita zisafiri katika maboksi yake zikiwa zimesimama, si kulazwa chini ya gunia la mtu.

Mkifuata haya, fedha zitakazookolewa kwenye prosesa, kadi, pawasaplai na taa za rangi zitalipia UPS kubwa na stendi ya monita, na kwa makadirio yangu mtarudi ndani ya bajeti. Mtumieni muuzaji orodha mpya, mkaulize swali moja kwa maandishi: je, monita sita zitaonyesha picha sita tofauti? Mwambieni alijibu kwenye profoma yenyewe.

SWALI

Bwana Fundi, mimi nina kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisi za Ulaya, lile kasha jembamba la kulaza, yenye Core i5 ya kizazi cha 7. Nataka monita nne tu. Ninunue kadi au niiuze?

Msomaji, Mombasa

JIBU

Bwana wangu, kadi inaingia. T1000 ipo katika umbo fupi, na kwa kuwa haivuti zaidi ya wati 50, pawasaplai ndogo za makasha hayo kwa kawaida huimudu. Cha kuhakikisha ni kwamba inakuja na kile kibati kifupi cha kushikia, maana kwa kirefu kifuniko hakitafunga. Kinachonizuia kukwambia ununue ni kizazi cha prosesa yako. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali kizazi cha 8 kwenda juu, ukiondoa prosesa chache mno. Kuna njia za kuilazimisha, lakini mashine inayoshika nenosiri la akaunti yako ya fedha si mahali pa kufanyia ujanja huo. Iuze, uongeze kidogo upate ya kizazi cha 8 au cha 10 katika umbo hilohilo, kisha kadi uichomeke humo.

SWALI

Assalaam alaykum. Mume wangu anasema badala ya monita nne tuchukue televisheni moja ya inchi 43 ya 4K, eti ni sawasawa. Ana haki?

Msomaji, Unguja

JIBU

Waalaykum salaam, dada. Kwa hesabu ana haki: picha ya 4K ina nukta sawa na monita nne za 1920 kwa 1080, na kwenye inchi 43 hutoa nukta kama 102 kwa inchi, ambazo ni nzuri kwa kusoma, tena haina zile kingo za kati zinazoikata chati. Kasoro ziko kwenye televisheni kuwa televisheni. Nyingi hupunguza taarifa za rangi, na maandishi mekundu juu ya weusi huwa na ukungu. Zipo zenye mpangilio wa kompyuta unaoliondoa tatizo hilo, na zipo zisizo nao. Tundu na waya viwe vya HDMI 2.0 au zaidi, kwani 1.4 hufikisha 4K kwa Hz 30 tu na kipanya kitaonekana kinaburuzwa. Kabla hajalipa, aende dukani na laptopu yake, aichomeke kwenye televisheni hiyo hiyo, afungue chati na orodha ya bei, kisha akae umbali wa mkono mmoja na kusoma tarakimu za mwisho kabisa kwenye kona ya chini. Akizisoma bila kuinama mbele, achukue. Na aizime ile hali ya kujizima yenyewe baada ya saa nne bila kubonyezwa rimoti, kwa sababu televisheni haijui kwamba kuna mtu anayeitazama.